Mechi Isisubiri Maji Kujaa

Muhula wa pili ndio muhula wa mpira. Kandanda, voliboli na netiboli huchezwa kati ya Mei na Julai, shule ikianza na jirani yake, kisha kaunti ndogo, kaunti, ukanda wa Pwani, hadi taifa. Huo ndio wakati kusi imeshika. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa maana yake. Bahari inachafuka, boti ya Faza inaondoka kwa saa yake yenyewe, na mkondo wa Mkanda ukipwa abiria hukwama kati ya mikoko wakingojea maji yajae. Miongoni mwao huenda yumo mtu mwenye mkoba mdogo wa kipenga, saa na kadi mbili. Huyo ndiye refa.

Asipofika, mechi haiahirishwi. Wageni nao wamekuja kwa boti ya kukodi, mafuta yamelipiwa, na nahodha ameshasema anataka kung'oa nanga kabla maji hayajatoka. Basi anatafutwa mtu yeyote anayejua kupuliza kipenga, na aliye karibu zaidi ni mwalimu wa michezo wa shule mwenyeji, yule yule aliyewafundisha vijana wake wiki nzima jinsi ya kuwafunga hawa wageni. Kesi ya ngedere inapelekwa kwa nyani mchana kweupe, na wote uwanjani wanajua.

Hatumlaumu mwalimu huyo. Huenda akawa mwadilifu kuliko refa yeyote wa kulipwa. Shida ni kwamba hata akiamua haki haaminiwi. Akitoa penalti dakika za mwisho kwa upande wake, ameiba. Akiinyima timu yake penalti ya halali ili asisemwe, amewadhulumu watoto wake mwenyewe. Kwa vyovyote vile, wanafunzi wanarudi bwenini na somo moja: kwamba sheria ni ya mwenye uwanja. Somo hilo hawakulijia shuleni.

Msimamo wetu ni mfupi. Lamu iache kutegemea refa wa kuletwa. Ifunze marefa wake, iwafunzie visiwani, na kazi hiyo iishe kabla ya kusi.

Tunasema visiwani kwa sababu kozi yoyote, ya urefa au ya ushonaji, hupenda kukaa penye barabara. Sensa ya 2019 iliikuta kaunti nzima ina watu 143,920, na kati ya hao Lamu Mashariki ilikuwa na 22,258 tu. Mwenye kupanga kozi akitazama hesabu hiyo, ataipeleka Mokowe au Mpeketoni, na wa Kizingitini, Siyu, Tchundwa, Ndau na Kiunga watajitafutia njia. Wengi hawatakwenda. Mwaka unaofuata hesabu ya marefa itafanana na ile ya mwaka uliopita, na mkutano utauliza kwa nini Mashariki haina watu. Kozi ya kwanza iwe Faza. Wa bara nao waonje safari.

Na isiwe kozi ya siku moja yenye soda, cheti na picha ya pamoja. Wazee wa hapa wanajua jinsi mtu anavyofunzwa kazi ya kuamua. Hakuna aliyekabidhiwa usukani wa jahazi la mashindano siku ya kwanza. Anaanza kwa kukomba maji, anapanda kuwa baharia, anashika tanga, anakaa upande wa pili kuzuia chombo kisilale, na siku nahodha akimwambia ashike usukani, nahodha mwenyewe yuko pembeni yake. Refa hafai kupewa njia fupi zaidi. Sheria za soka ni 17 na mtu mwenye akili anaweza kuzisoma kwa juma moja. Kuotea kunaelezwa ubaoni kwa dakika kumi. Kukuona uwanjani, mshambuliaji akichomoka na beki akipiga hatua mbele wakati ule ule, ni kazi ya jicho lililozoeshwa miezi mingi.

Kwa hiyo mwanafunzi wa urefa aanze na kibendera katika mechi za shule za msingi, ambako makosa yake hayatamnyima mtu kombe. Aandamane na mkongwe mmoja anayemwambia baada ya mechi alikosimama vibaya. Akipata kipenga, apate kwanza mechi za kirafiki. Asubiri mwaka ndipo apewe nusu fainali.

Miguu nayo ina mtihani wake. FIFA huwapima marefa wake wa kiume wa kimataifa kwa kuwakimbiza mita 75 ndani ya sekunde 15, kisha mita 25 za kutembea ndani ya sekunde 18, na kurudia hivyo mara 40. Jumla ni kilomita 4. Hatutaki mwalimu wa hesabu wa Pate apimwe kwa kipimo hicho, tena juu ya mchanga. Lakini apimwe kwa kitu fulani. Refa anayeamua kutoka duara la kati kwa sababu pumzi imemwishia anabahatisha, hata awe anazijua sheria zote kwa moyo.

Wakati wa kufunza upo. Kaskazi ndiyo inayotupa bahari tulivu kuanzia Januari, na huo ni muhula wa kwanza. Kweli, Ramadhani siku hizi inaangukia humo humo, ikirudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Si kikwazo. Mazoezi ya mbio yafanywe Januari, sheria zisomwe usiku baada ya tarawehe, na mtihani wa uwanjani uje baada ya Idi. Anayepanga kozi Nairobi hawezi kuliona hilo. Anayepanga akiwa Lamu hana udhuru.

Linabaki jambo gumu kuliko yote, nalo halimo katika kitabu cha sheria. Hapa watu ni jamaa. Refa wa Faza akichezesha Faza na Kizingitini, nusu ya wachezaji ni watoto wa shangazi zake na nusu nyingine ni watoto wa ndugu za mkewe. Huwezi kuwaagiza waamuzi wasio na ukoo kisiwani Pate, hawapo. Unachoweza ni kuondoa uchaguzi mikononi mwa wenye mechi. Pawe na mtu mmoja wa kaunti ndogo, asiye mwalimu wa timu yoyote, mwenye daftari la marefa na ratiba ya mechi, naye ndiye apange nani aende wapi. Refa asichezeshe shule anayofundisha wala aliyotoka juzi akiwa mwanafunzi. Katika waamuzi watatu wa mechi, wawili watoke mji mwingine. Na posho isitoke mkononi mwa mwalimu mkuu mwenyeji. Iingie M-Pesa kutoka mfuko wa pamoja, pamoja na nauli ya boti, kabla refa hajashuka gatini kuabiri. Refa anayedai nauli ya muhula uliopita hatakataa simu yako, ila siku ya mechi atakuwa na msiba.

Tusisahau wasichana. Netiboli na voliboli ya wasichana vinahitaji waamuzi wanawake, na wapo: walimu vijana, na waliomaliza Kidato cha Nne wakakaa nyumbani wakingojea kitu. Anayesema vazi la stara linamzuia mwanamke kushika kipenga amepitwa na habari. Tangu Machi 2014 bodi ya kimataifa inayotunga sheria za soka imeruhusu kujifunika kichwa uwanjani. Januari 2022, mjini Yaoundé, Salima Mukansanga wa Rwanda alikuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha akiwa refa wa kati katika Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, na mwaka huo huo akawemo katika orodha ya marefa wa Kombe la Dunia nchini Qatar. Kwa wanaodhani urefa ni kazi ya mtu aliyeshindwa na masomo, Kenya yenyewe ina Peter Waweru, refa aliyechezesha Kombe la Mataifa ya Afrika, ambaye kazi yake nyingine ni kufundisha hisabati chuo kikuu.

Nani alipe? Hapa ndipo mambo hukwama, na sababu iko ndani ya Katiba ya 2010. Shule za sekondari ni za serikali ya kitaifa, walimu wake ni wa Tume ya Huduma za Walimu (TSC), na michezo na viwanja ni kazi ya kaunti. Mwalimu akienda idara ya michezo ya kaunti anaambiwa wanafunzi si wao. Akienda ofisi ya elimu anaambiwa fungu la marefa halipo. Wote wawili wamesema kweli, na mwalimu amerudi Kizingitini mikono mitupu. Sisi tunaona mgawo rahisi: kaunti ilipie wakufunzi, boti na vifaa, kwa sababu refa akishafunzwa atachezesha pia ligi za mtaani. Ofisi ya elimu itoe ruhusa ya walimu, madarasa na ratiba. Shirikisho la kandanda litoe mtihani na cheti kinachotambulika nje ya Lamu, ili kijana asiambiwe Mombasa kwamba urefa wake ni wa kisiwani.

Tena sasa kuna mlango mpya. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu Januari 2026, na moja kati ya njia tatu za masomo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mwanafunzi wa njia hiyo anayemaliza bila kuwahi kushika kibendera amesoma nusu. Shule itakayoifungua hapa Lamu iutie urefa katika kazi zake za vitendo tangu mwaka wa kwanza.

Atakayesema tunajisumbua kwa michezo ya watoto atazame kwingine. Marekani, ambako kila jimbo lina chama kinachosajili na kufunza waamuzi wa shule za sekondari, besiboli ikiwemo, ilipoteza waamuzi takriban 50,000 kati ya msimu wa 2018-19 na ule wa 2021-22. Corona ilichangia, lakini waliokuwa wakiondoka walitaja hasa matusi ya wazazi na makocha. Nchi tajiri, yenye vitabu na viwanja, ikakosa watu wa kusimama nyuma ya mdakaji. Kinyume chake, mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali za dunia za Little League, besiboli ya watoto, huko Pennsylvania, waliowaamulia walikuwa watu wa kujitolea, waliopanda ngazi kwa miaka mingi hadi kupewa wiki ile. Mtu hujitolea hivyo mahali anapoheshimiwa. Anayemzomea refa wa miaka 19 kando ya uwanja kisha akalalamika kuwa marefa hawapo, ajiulize walikwenda wapi.

Walimu wa michezo wa Lamu Mashariki, msingoje waraka. Andikeni majina ya wanaotaka kufunzwa, wanaume kwa wanawake, wa kila mji. Nakala moja iende ofisi ya elimu na nyingine idara ya michezo ya kaunti, zote zigongwe muhuri wa kupokelewa siku moja, ili pasiwe na ofisi itakayosema barua ilikwenda kwa mwenzake.