Ganda Tupu Si Takataka

Askari wetu aliyepata kwenda mafunzoni Marekani huenda alistaajabia jambo moja. Katika nchi ile, raia apendaye kulenga shabaha huweza kuwa na mashine ndogo ya chuma, iliyokazwa juu ya meza nyumbani kwake, naye huitumia kuyajaza upya maganda ya risasi alizokwisha kuzipiga. Chini ya sheria kuu ya silaha ya taifa lile ya mwaka 1968, hahitaji leseni ikiwa risasi hizo ni za matumizi yake mwenyewe. Leseni yahitajika azitengenezapo kwa biashara.

Mjadala mkubwa wa watu hao ni mashine ipi ichaguliwe. Ziko namna tatu. Ya kwanza hufanya kazi moja kwa ganda moja kila mkono wake uvutwapo. Ya pili ina kichwa kinachozunguka, chenye kalibu kadhaa, ili mtumiaji asilazimike kuzibadili mara kwa mara. Ya tatu huyashughulikia maganda kadhaa kwa pamoja, kila moja katika hatua yake, na kwa saa moja huweza kutoa risasi kwa mamia.

Mtu angedhani kwamba ya tatu ndiyo bora kwa wote. Lakini wazoefu wengi humshauri mwanafunzi aanze na ile ya kwanza, iliyo ya polepole, na sababu yao ni nzito. Ganda lililotiwa baruti mara mbili laweza kuipasua bunduki usoni mwa mpigaji. Lililokosa baruti nalo si salama: nguvu ya fataki peke yake huweza kukisukuma kichwa cha risasi kikakwama mtutuni, na risasi ifuatayo ikaleta maafa. Kwa mashine ya polepole, maganda husimamishwa ubaoni na kumulikwa kwa taa, moja baada ya jingine, kabla ya kufungwa. Haraka haraka haina baraka.

Kwetu si Marekani. Katika Afrika Mashariki, kutengeneza risasi si kazi ya mezani nyumbani, bali ni ya viwanda vya dola, kama Mzinga kule Morogoro na kile cha Eldoret nchini Kenya. Aidha, Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi wanachama ziufanye utengenezaji haramu wa silaha ndogo ndogo kuwa kosa la jinai. Je, askari asiyeruhusiwa kuwa na mashine hiyo ana neno gani na habari hii?

Twasema analo. Risasi ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Ikipigwa, fataki na baruti huungua, na kichwa huenda zake. Ganda hubaki, na likiwa la shaba ya manjano huweza kujazwa tena zaidi ya mara moja. Kwa hiyo tunaloliita ganda tupu ni mwanzo wa risasi nyingine. Likiokotwa na mhalifu mwenye mashine na baruti, laweza kumrudia askari mwenzetu akiwa doria usiku.

Ndiyo maana katika majeshi mengi yaliyorithi desturi za Uingereza, askari atokapo uwanja wa shabaha hutamka mbele ya afisa kwamba hana risasi wala ganda. Maneno hayo si wimbo wa gwaride. Ni kiapo. Askari anayetia ganda mfukoni awe nalo kama ukumbusho, au anayeliacha majanini kwa sababu jua ni kali na lori linasubiri, amekivunja. Na afisa anayehesabu risasi zinazotoka ghalani bila kuhesabu maganda yanayorudi amefanya nusu ya kazi yake.

Kwa ndugu zetu polisi tunaongeza neno. Chapa iliyo kitakoni mwa ganda mara nyingi huonyesha kiwanda na mwaka. Lakini ganda likiwa limejazwa upya, chapa hiyo hutuambia ganda lilikotengenezwa, si mahali risasi ilikojaziwa. Mpelelezi asiyelijua hilo aweza kukifuata kiwanda cha mbali, na hali mkosaji yu jirani. Basi ganda lisikanyagwe wala lisisafishwe; lipelekwe kwa mtaalamu jinsi lilivyookotwa.

Hatuna budi kujifunza kutoka kwa yule raia wa Marekani mbele ya mashine yake ya polepole. Yeye hulikagua kila ganda kwa sababu maisha yake mwenyewe yamo ndani yake. Sisi tuyahesabu yetu kwa sababu ndani yake mna maisha ya wananchi tulioapa kuwalinda. Zoezi la shabaha halijakwisha mpaka ganda la mwisho limerudi mkononi mwa mtunza ghala.