Faida ya Upatu ni Fedha ya Nani?



Kila upatu mkubwa unapoanguka, maneno ya watu huwa yale yale. Aliyepoteza anachekwa: tamaa imemponza, alidhani pesa zinaokotwa. Aliyewahi kutoa zake anasifiwa: huyo mjanja, huyo ana nyota. Februari 2025 habari za LBL ziliposambaa na watu wakaanza kukamatwa mikoani, hata huku Matwebe mazungumzo yalikuwa hayo, sokoni na kwenye hiace za Tukuyu. Kampuni ile iliwaambia watu watalipwa kwa kutazama matangazo ya filamu kwenye simu, ila kwanza waweke fedha zao. Waliowekeza mwisho wakabaki wanalia, na sisi tukacheka.

Mimi nasema tumegeuza mambo. Kicheko tumempa aliyeibiwa, na pongezi tumempa aliyeshika fedha ya mwenzake.

Tuelewane kwanza kuhusu faida. Mimi ni fundi cherehani. Nikishona gauni la harusi na nikabakiwa na 40,000, naweza kukuonyesha imetoka wapi: kitambaa nilichonunua, shanga nilizotia kwa mkono, siku nilizokaa kwenye mashine, na mteja aliyelipa akaondoka na gauni lake. Sasa chukua upatu. Dada ameweka 100,000, baada ya wiki chache amepewa 250,000. Ile 150,000 ya juu imetoka wapi? Hakuna shamba lililolimwa, hakuna duka, hakuna gauni. Imetoka mfukoni mwa dada mwingine aliyeingia baada yake. Hakuna mahali pengine inapoweza kutoka.

Na lazima ifike mwisho, hata viongozi wake wangekuwa watu wema. Tuseme kila mtu anahitaji wawili nyuma yake ili alipwe. Mmoja anahitaji 2, hao 2 wanahitaji 4, halafu 8, halafu 16. Ukifika hatua ya 20, jumla ya watu wote wanaotakiwa ni zaidi ya milioni 2. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 1.9 Zanzibar nzima, pamoja na watoto wachanga. Kwa hiyo wengi kukosa si bahati mbaya. Mchezo wenyewe umejengwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Wala tusidhani ni jambo geni. Wakubwa mnaikumbuka DECI. Watu waliambiwa wapande mbegu kisha wavune, na miongoni mwa viongozi wake walikuwamo wachungaji. Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009, wanachama wengi hawakuwakasirikia viongozi. Waliikasirikia serikali, wakisema inawazibia maskini riziki. Kesi ikaenda Mahakama ya Kisutu, na mwaka 2013 viongozi wakatiwa hatiani. Baadaye na Zanzibar ikaja Masterlife, ikakusanya fedha za watu kwa ahadi ya faida kubwa, mpaka vyombo vya serikali vikaingilia.

Kwa hiyo tusiwacheke majirani zetu Wakristo kwa ajili ya mbegu. Kila mtu hutegwa kwa maneno ya dini yake. Kwetu atakuja mtu na kanzu safi, aseme huu ni mudharaba, faida ni halali. Dada yangu, mudharaba wa kweli mwenye mali na mfanyakazi wanagawana faida ikipatikana, na hasara ya mali ikitokea ni ya mwenye mali, maadamu mfanyakazi hakufanya hiana wala uzembe. Anayekuahidi kiasi kile kile kila wiki, mvua inyeshe jua liwake, hajakuletea mudharaba. Amekuletea jina tu.

Nirudi kwa yule tuliyempongeza. Atasema, “Mimi sikujua, niliwekeza kwa nia njema.” Nakubali. Lakini kutojua kunaweza kukuondolea lawama, hakugeuzi mali ya mtu kuwa yako. Nikikosea nikakata kitambaa cha mteja mmoja nikamshonea mwingine, siwezi kumwambia mwenye kitambaa, “Samahani, sikujua,” halafu basi. Kitambaa chake namlipa.

Wenzetu Marekani walilifanya hili kisheria. Bernard Madoff alikamatwa Desemba 2008 baada ya kuwaibia watu kwa miaka mingi kwa mtindo huu huu: waliotangulia wanalipwa kwa fedha za waliofuata. Na yeye wateja wake wengi walikuwa Wayahudi wenzake na mashirika yao ya sadaka, watu waliomwamini kwa sababu ni wao. Mwaka 2009 alifungwa miaka 150. Lakini kazi haikuishia gerezani. Msimamizi aliyewekwa na mahakama aliwafuata waliotoa zaidi ya walichoweka, akidai ile ziada irudi kwa waliopoteza. Mtu aliyekuwa amechota kuliko wote, Jeffry Picower, alifariki mwaka 2009. Mwaka uliofuata mjane wake, Barbara Picower, alikubali kurudisha dola bilioni 7.2. Mjane, dada zangu, si mwanafunzi wa madrasa, na alirudisha. Sisi tunaosoma kuhusu kula mali za watu kwa batili, tunasubiri nani atuambie?

Nafahamu ugumu wake. Fedha zilishaliwa. Zimeingia kwenye bati, kwenye ada ya mtoto, kwenye harusi. Basi anza kidogo kidogo. Toa hesabu: niliweka kiasi gani, nilitoa kiasi gani. Mtaji wako ni haki yako. Kilichozidi, anza na wale uliowaingiza wewe mwenyewe, uliowapigia simu, uliowatumia picha ya muamala ili waamini, ukapata na bonasi kwa ajili yao. Hao unawajua kwa majina. Kwa undani wa hukumu muulize sheikh unayemwamini, lakini usiulize huku umeshaamua kutolipa.

Na wewe uliyepoteza, usijifiche. Najua kwa nini wanawake wengi wananyamaza: mume hakuambiwa, mama mkwe atasema, mtaa utacheka. Lakini ukimya wako ndio unaompa tapeli nafasi ya kuhamia kijiji cha pili. Tunza ujumbe wote wa miamala kwenye simu, nenda polisi, na asije mtu akakwambia ulipie tena ili fedha zako zifunguliwe. Hiyo ni mara ya pili ya wizi ule ule. Mtume wetu (s.a.w.) alitukataza kufurahia msiba wa ndugu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu anaweza kumrehemu yeye na kutujaribu sisi. Anayekucheka, mwache na hilo.

Mabibi harusi, mahari ni mali yako, Qur'ani imesema hivyo katika Suratun Nisaa. Si ya baba, si ya shangazi, wala si ya rafiki aliyekuja na kundi la WhatsApp wiki moja baada ya nikaha. Ukitaka izae, nunua kitu unachokielewa: cherehani, friji la barafu, kuku, vitambaa. Ukitaka kuweka na wenzako, upo mchezo wetu wa siku zote, watu 10 mnaojuana, kila mmoja anatoa 20,000 na zamu ikifika anapokea 200,000. Humo hakuna anayepata zaidi ya alichotoa, ndiyo maana hakuna anayelia. Hiyo ndiyo tofauti, na mtu mwenye darasa la saba anaihesabu kwa vidole.

Siku nyingine mtaani pakisemwa fulani ana nyota, alitoa zake mapema, naomba mmoja wetu aulize kwa upole: na waliokuwa nyuma yake ni akina nani?

Mwenyezi Mungu aturuzuku cha halali, hata kikiwa kidogo, na atupe ujasiri wa kurudisha kisicho chetu. Aamiin.