MGENI WA ACCRA AMEONA NINI?

Wako ndugu zetu waliokwenda kutembea Accra, mji mkuu wa Ghana, wakarudi na vitambaa vya kente na sifa za hoteli. Ukiwauliza wameona nini, hujibu: "Mji mzuri, lakini joto jingi." Twasema wazi, hao hawakufika Accra. Walifika hotelini.

Accra si mji wa kutazamwa kama Mzungu atazamavyo simba mbugani. Nenda njia panda ya Osu. Hapo, tarehe 28 Februari 1948, askari wa zamani waliokuwa wameipigania Uingereza katika vita waliandamana bila silaha, kumpelekea Gavana malalamiko yao juu ya haki walizoahidiwa. Jawabu lilikuwa risasi. Walikufa watatu: Sajini Adjetey, Koplo Attipoe na askari Odartey Lamptey. Wazee wetu wa K.A.R. nao walipelekwa Burma kama wale wa Ghana, nao walirudi na ahadi tupu. Je, msiba ule si wetu?

Kisha nenda palipokuwa uwanja wa polo wa wakoloni. Hapo, usiku wa kuamkia tarehe 6 Machi 1957, Kwame Nkrumah alitangaza kuwa Ghana ni huru, akasema uhuru huo hauna maana usipofungamana na ukombozi wa Afrika nzima. Leo kaburi lake lipo hapo hapo. Wala hakusema kwa mdomo tu. Desemba 1958 wajumbe wa Afrika walikutana Accra, na mwenyekiti wao alikuwa kijana wa miaka 28 kutoka Kenya, Tom Mboya. Basi mtu wa Afrika Mashariki akifika Accra ataitwaje mgeni?

Watu watasema nauli ni ghali. Ni kweli, na hatumlaumu asiyekuwa nayo. Twasema na wenye nayo, wanaoijua London mtaa kwa mtaa, lakini Accra hawajui hata iko upande gani.

Na sisi tuliobaki nyumbani tusicheke. Ni wangapi wetu wamewaonyesha watoto wao nyumba ambamo wazee walianzia kudai uhuru hapa kwetu? Mwacha asili ni mtumwa. Ndugu, tuanze na nyumba hizo Jumapili hii, kwa miguu. Accra tuwekee akiba.