Unachotangaza kwenye simu kilingane na hati yako ya bima

Fedha za korosho, ufuta na mbaazi zinapoingia Nachingwea na Ruangwa, wapo wanaonunua pikipiki na wapo wanaoongeza mzigo dukani. Baadhi hukatia mali hiyo bima. Lakini wengi huitangaza WhatsApp na Facebook bila kujiuliza kama wanachokiandika kinalingana na hati ya bima. Kutolingana huko kunaweza kumnyima mtu fidia.

Bima husimama juu ya ukweli. Anayekata bima anatakiwa kueleza mambo yote muhimu kuhusu mali yake, na anayedai fidia anatakiwa kuthibitisha hasara. Chukua mfano wa mtu aliyeikatia pikipiki bima kubwa kwa matumizi binafsi, huku kila asubuhi akitangaza kwamba anabeba abiria wa Ruangwa na Nachingwea. Akipata ajali, kampuni ina sababu ya kuhoji kama matumizi hayo yamo kwenye hati. Au mwenye duka anayeandika Ijumaa, "Mzigo umeisha, asanteni wateja," kisha duka likaungua Jumapili. Huenda Jumamosi alipokea mzigo mpya, lakini asipokuwa na risiti, maneno yake mwenyewe yatamfunga.

Wapo wanaodhani kuwa ujumbe wa simu si ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema ujumbe haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kinachopimwa ni kama unaaminika.

Hivyo hivyo kwa picha za kuazima. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa na barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ikakatika, picha za mafuriko zilisambaa kwenye simu. Mtu anayeambatanisha picha ya mali ya mwenzake katika madai yake anayaweka hatarini madai yote, hata kama hasara yake ni ya kweli.

Hata hivyo, simu hiyo hiyo inaweza kumsaidia mwenye mali. Piga picha za duka, mzigo na risiti wakati mambo ni salama, na upige nyingine mara baada ya hasara. Tunza picha za awali, maana zinazopitia WhatsApp hupoteza kumbukumbu za tarehe na mahali zilipopigwa. Itaarifu kampuni au wakala wako kabla ya kutangaza mitandaoni. Usiandike "kosa ni langu", kwa kuwa hati nyingi za bima ya vyombo vya moto hukataza kukiri kosa bila idhini ya kampuni. Aidha, usifute ulichokwisha kuandika, kwani utaonekana unaficha.

Kampuni nazo ziwe na haki. Picha moja ya kujionyesha isitoshe kumnyima mtu fidia kabla hajasikilizwa, na masharti yaelezwe kwa Kiswahili wakati wa kuuza bima. Ukinyimwa, dai sababu kwa maandishi. Usiporidhika, nenda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Ukibadili matumizi ya mali yako, badili hati kwanza, ndipo utangaze. Ada itakayoongezeka ni ndogo kuliko kupoteza mtaji wa msimu mzima.