KUTANGULIA SI KUFIKA

Imekuwa desturi katika vyuo vikuu vingi kudai kwamba mwanafunzi anayeacha masomo ya kompyuta katikati ya njia hana kipaji. Dai hilo ni rahisi, nalo humwondolea mwalimu lawama. Lakini yaliyotokea Marekani yanathibitisha kwamba halina msingi.

Mwaka 1984 wanawake walikuwa karibu asilimia 37 ya waliopata shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta nchini humo. Kufikia mwaka 2010 walikuwa wamepungua hadi karibu asilimia 18. Hapana awezaye kusema kwamba akili za wanawake zilipungua katika miaka hiyo. Kilichotokea ni kwamba kompyuta iliingia majumbani, ikatangazwa kuwa chombo cha wavulana, na mara nyingi ikawekwa chumbani mwa mtoto wa kiume. Vijana hao walipofika chuoni wakiwa wamekwisha kuizoea, somo likaendeshwa kwa mwendo wao, na wenzao wakajiona wajinga.

Kati ya mwaka 1995 na 1999, Jane Margolis na Allan Fisher waliwahoji wanafunzi zaidi ya 100 wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh. Iligunduliwa kwamba wasichana wengi hupoteza kwanza imani juu ya uwezo wao, ndipo hamu ya somo nayo hutoweka. Iligunduliwa pia kwamba kujua kutunga programu kabla ya kuingia chuoni si kipimo cha nani atafaulu mwishoni. Chuo kikaacha kuutukuza ujuzi huo wakati wa kuchagua wanafunzi, na kikaweka masomo ya kuanzia yanayolingana na hali ya kila mmoja. Wasichana, waliokuwa asilimia 7 ya walioingia mwaka 1995, wakafikia asilimia 42 mwaka 2000.

Chuo cha Harvey Mudd, huko California, nacho kiliwatenga wazoefu na wanaoanza katika somo la kwanza. Mwanafunzi aliyependa kujionyesha mbele ya wenzake aliitwa kando na mwalimu, akaombwa maswali yake yazungumzwe baada ya kipindi. Katika miaka michache, wanawake katika fani hiyo waliongezeka kutoka karibu asilimia 10 hadi karibu asilimia 40.

Funzo hili linawahusu pia walimu na watumishi wa elimu wa Tanzania. Darasa moja la chuo huweza kumkutanisha kijana aliyekulia katika nyumba yenye kompyuta na mwenzake wa kijijini anayeigusa kwa mara ya kwanza. Kumpima huyu kwa mwendo wa yule, kisha kumwita mzembe, ni kupoteza fedha za umma na vipaji vya taifa. Kila chuo hakina budi kuwahesabu wanaoacha masomo, kuwauliza sababu, na kujisahihisha. Aliyechelewa kuanza naye ana haki ya kufika.