Binti akitaka TEHAMA, wewe unataka unesi (Sehemu ya 7)

Leo naacha kidogo mambo ya kliniki, maana tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke inboksi yangu imejaa swali moja: "Dada nesi, nataka binti yangu asome unesi kama wewe, yeye kang'ang'ania kompyuta. Nifanyeje?"

Mwache asome kompyuta.

Najua mnachoogopa. Mnaona ataishia steshenari, kuchapa barua na kutoa kopi. Haya, njooni hospitali mtazame. Siku hizi hospitali nyingi za serikali mgonjwa anasajiliwa kwenye mfumo, GoT-HoMIS. Daktari anaandika kipimo, maabara wanakiona hukohuko, dirisha la dawa nalo hivyohivyo, na malipo yamo humohumo. Mtandao ukikata, mama aliyebeba mtoto mwenye homa anakaa kwenye foleni isiyosogea, sisi tunarudi kwenye makaratasi. Anayetuokoa hapo si daktari bingwa, ni kijana wa TEHAMA. Hata takwimu za chanjo za watoto wenu zinaingizwa kwenye DHIS2, na lazima kuwe na mtu wa kuitunza. Benki, halmashauri, kampuni za simu, kote wanahitajika.

Ila msikimbilie kulipa ada. Hakikisha chuo kimesajiliwa NACTVET. Kutoka kidato cha nne mtoto anapanda ngazi ya 4 mpaka ya 6, ndiyo stashahada, kwa kawaida miaka 3. Hiyo ni pesa nyingi jamani. Kwa hiyo nenda chuoni mwenyewe, siku ya kazi, omba kuingia maabara ya kompyuta. Ukikuta wanafunzi wanne wamebanana kwenye kompyuta moja, na nyingine haziwaki, geuza. Kozi hii haisomwi kwa daftari.

Ajira? Siwadanganyi, cheti peke yake hakimpi. Anayepata ni yule aliyeshika kazi: katandaza nyaya za mtandao, katengeneza programu ya duka la mjomba, kaenda mafunzo kwa vitendo mahali wanapomfundisha, si kumtuma chai. Michango ya harusi tunaiweza, basi tumchangie na huyu laptopu, hata iliyotumika.

Na kina baba mnaosema kompyuta ni ya wavulana, mbona wodini tuna manesi wa kiume na wanazalisha vizuri tu?

Kesho narudi kwenye chanjo ya surua ya miezi 9. Maswali yaleteni mapema.