Ben Zobrist na bei ya mchezaji kiraka

Wapenzi wa mpira wa miguu kule Goma na Bukavu wanamjua vizuri mchezaji kiraka. Leo anacheza beki wa kulia, kesho kiungo, na siku mshambuliaji akiumia anasukumwa mbele. Kocha anampenda, lakini jina lake halitajwi kwanza. Katika besiboli ya Marekani, mchezo ambao vijana wa familia za Congo zilizopewa makao huko wanakutana nao shuleni, kiraka aliyejulikana sana alikuwa Ben Zobrist, ambaye sasa ameacha kucheza. Kwa yeyote anayeingia kwenye ligi ya kubuni, safari yake ni somo, kwa sababu watu wengi wanakosea wanapompangia bei mchezaji wa aina hiyo.

Ligi ya kubuni ilipata sura yake ya leo mwaka 1980, pale mwandishi Daniel Okrent na rafiki zake walipoianzisha mjini New York. Kila mshiriki anachagua wachezaji wa kweli na kujiundia timu yake kwenye karatasi au kwenye simu. Wachezaji hao wakifanya vizuri uwanjani, naye anapata alama. Kwa wapigaji, ligi nyingi zinahesabu mambo matano: wastani wa mipigo, mipigo ya homurani inayovuka uzio, pointi ambazo mpigaji amewaletea wenzake, pointi alizofunga mwenyewe, na vituo alivyoiba kwa mbio. Sheria moja ndiyo inayomhusu kiraka: mchezaji anapangwa tu katika nafasi ambayo amecheza mechi za kutosha. Ligi nyingi zinadai mechi 20 za msimu uliopita.

Mwaka 2009, akiwa na Tampa Bay Rays, Zobrist alicheza kila nafasi isipokuwa ya mrushaji na ya mdakaji. Ni nafasi saba. Alimaliza msimu na wastani wa .297, homurani 27, pointi 91 alizowaletea wenzake, na vituo 17 alivyoiba. Lakini mechi zake nyingi zilikuwa kwenye kituo cha pili na katika uwanja wa nyuma upande wa kulia. Nafasi nyingine alizipitia tu. Kwa hiyo mtu aliyesikia habari ya nafasi saba akadhani amepata wachezaji saba kwa bei ya mmoja, alikuwa amepata nafasi mbili.

Mwaka uliofuata ulikuwa mchungu zaidi. Wastani ulishuka hadi .238, na homurani zikawa 10. Vituo alivyoiba vilipanda hadi 24, lakini havikuziba pengo lote. Kuweza kucheza kila mahali hakukuongeza hata homurani moja. Hilo ndilo la kwanza la kukumbuka: kiraka ahesabiwe kwanza kama mpigaji. Kama fimbo yake ni dhaifu, kumhamisha kutoka nafasi hii kwenda ile ni kuhamisha udhaifu.

La pili, bei yake ipimwe katika nafasi ngumu kuliko zote anazoruhusiwa kupangwa. Katika uwanja wa nyuma wapigaji wa nguvu ni wengi, na homurani 20 hazimshangazi mtu. Kwenye kituo cha pili, miaka ile, walikuwa wachache. Zobrist alipofikisha homurani 20 mwaka 2011, na tena 20 mwaka 2012, aliyempanga kituo cha pili alikuwa mbele ya wenzake. Aliyemweka uwanja wa nyuma alikuwa na mchezaji mzuri wa kawaida. Mtu yule yule, takwimu zile zile, faida tofauti.

La tatu ni benchi. Msimu una mechi 162 kwa kila timu katika muda wa miezi sita hivi, na majeruhi hawakosi. Katika ligi ya watu 12 au zaidi, wachezaji wazuri huwa wamekwisha kuchukuliwa. Mwenye kiraka hahitaji kuweka akiba kwa kila nafasi. Anamsogeza mmoja, na kiti kilichobaki kwenye benchi anampa mrushaji wa ziada. Hiyo ndiyo faida yenyewe: kiti kimoja, na siku chache za kucheza ambazo wengine wanazipoteza. Katika ligi ya watu wanane, ambako wachezaji wazuri bado wamebaki bila mwenyewe, faida hiyo karibu inapotea. Na pale ambapo timu inafungwa wiki nzima bila kubadilishwa, inapungua pia.

Kwa hiyo anayemchagua kiraka asimlipe mara mbili. Amlipe kwa mipigo yake, kisha aongeze kidogo kwa ajili ya kiti kile. Wachezaji wawili wakiwa sawa kwa takwimu, achukue kiraka bila kusita. Mwenzake akiwa mpigaji bora kwa mbali, amwache kiraka aende. Kosa la siku ya kuchagua linabebwa hadi mwisho wa msimu.

Hata hivyo, hesabu hizo tano zina upofu wake. Mwaka 2009 Zobrist alifika kituoni zaidi ya mara 40 katika kila 100 alizosimama kupiga, kwa sababu alijua kuiacha mipira mibaya ipite. Wastani wa mipigo hauhesabu subira hiyo. Wala hakuna alama kwa mtu anayekubali kuhamishwa kila wiki bila kununa.

Timu za kweli ziliviona vitu hivyo. Mwaka 2015 alikuwa bingwa na Kansas City Royals. Chicago Cubs wakampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 56. Tarehe 2 mwezi wa 11, mwaka 2016, katika mechi ya saba ya fainali dhidi ya Cleveland, matokeo yakiwa 6-6 katika kipindi cha kumi, ni yeye aliyepiga mpira ulioleta pointi ya kuongoza. Cubs walishinda 8-7, ubingwa wao wa kwanza tangu 1908, na Zobrist akatajwa mchezaji bora wa fainali.

Kwenye ligi ya kubuni, kiraka alipwe kwa kiasi. Lakini asiyekuwa na nafasi yake ya kudumu asidhaniwe kuwa hana kazi.